Mwalimu, nistaafu kwa hiari sasa au nisubiri miaka 60? Kikokotoo na bima vinanichanganya (Tabora)

Mwalimu wa Ipuli

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, naishi Ipuli ila kwetu asili ni Kasulu. Niliajiriwa Julai 1993 nikapangiwa wilaya nyingine humu humu mkoani, nikahamia mjini 2004. Mwaka huu Juni natimiza miaka 58, kwa hiyo kustaafu kwa lazima ni Juni 2028 ila kwa hiari naweza kutoka hata sasa hivi maana 55 nilishaivuka. Nilikuwa mfuko wa pensheni wa PSPF mpaka mifuko ilipounganishwa 2018 tukawa wote PSSSF.

Kinachoninyima usingizi ni hivi. Ofisini kwetu siku hizi chai hainyweki bila kikokotoo, yaani ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Kuna walimu wanasema tutoke haraka kabla hawajabadilisha tena, maana kwenye mkupuo, ile hela ya mara moja unayopewa ukitoka, 2018 ilikuja ile ya asilimia 25 ikasimamishwa, 2022 ikaja 33, 2024 ikawa 40, sasa nani anajua kesho itakuwa ngapi. Wengine wanasema ukitoka mapema unajipunja mwenyewe. Mimi hesabu nimefundisha miaka yote hii lakini hii ya mafao kila nikiikokotoa napata jibu tofauti kwa sababu sijui naanza na mshahara upi. Slipi yangu ya sasa inasoma 1,200,000, ni baada ya kupanda daraja pamoja na ile nyongeza ya Julai 2025, kabla ya hapo nilikaa kwenye 975,000.

La pili, na hili ndo linaniumiza zaidi. Mke wangu ana sukari huu mwaka wa tisa. Kliniki kila mwezi hospitali ya Kitete, insulini, vipimo, mara moja moja tunapewa rufaa kwenda Mwanza. Yeye hajaajiriwa, anauza asali na karanga hapa nyumbani. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 19 yuko chuo. Kadi zao zote zimetokana na ajira yangu mimi. Je siku nikistaafu hizi kadi zinakufa? Kuna mtu kaniambia sheria mpya ya Bima ya Afya kwa Wote imefuta ya wastaafu na kila mtu atalipa upya kutoka mfukoni, nikashindwa hata kula.

Naomba anayejua au aliyepitia anisaidie, na kama kuna kitu natakiwa nikianze mapema niambieni tu bila kunionea aibu.

Mzee wa Cheyo

Mwalimu mwenzangu mwangaluka. Nimestaafu Septemba 2024 hapa hapa Tabora, shule sitaitaja. Nakuelewa sana hiyo hofu maana na mimi nilikuwa nayo miaka miwili mizima, nilikuwa naamka saa nane usiku napiga hesabu kwenye daftari.

Nikueleze kilichoniuma ili ujiandae moyo. Kuna mwenzangu mmoja tulifundisha naye, mshahara wetu ulikuwa unafanana, yeye alitoka 2021 kwa ile hesabu ya zamani ya PSPF ya nusu kwa nusu. Kajenga, kanunua shamba huko Sikonge na mizinga ya nyuki, na hela ikabaki. Mimi nimetoka kwenye hii ya 40 na kwa kweli siku nilipoona meseji ya benki nilikaa chini kwanza. Sio kwamba ni hela ndogo, ni kubwa kuliko nilizowahi kushika maishani, ila nilikuwa na picha ya mwenzangu kichwani. Kwa hiyo la kwanza ondoa picha ya waliotoka kabla ya Julai 2022, ile haipo tena na ukiishikilia utaugua.

La pili, usitoke kwa sababu ya maneno ya ofisini. Mimi nimeona wawili walioandika barua ya hiari kwa kuogopa sheria, mmoja sasa hivi anajuta waziwazi.

La tatu, jiandae na miezi ya katikati. Sheria inataka ulipwe ndani ya siku 60 ila mshahara wako wa mwisho unakata mwezi ule ule unaotoka, na kama faili lako lina tatizo hizo siku zinarefuka. Sisi nyumbani tuliishi kwa mahindi ya shambani na mwanangu alikuwa anatutumia kidogo kidogo. Na hela ya mizigo ya kurudi kwenu mwajiri ndiye anayelipa sio mfuko, wewe wa Kasulu inakuhusu sana, usipange safari wala usipakie kitanda kabla haijaingia. Namjua mtu alikaa na magunia yake sebuleni zaidi ya mwaka anasubiri.

Halafu jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu, hela ikiingia tu simu zitaanza. Wanajua jina lako, wanajua namba ya cheki, wanajua mpaka ulistaafu tarehe ngapi, wanakwambia kuna mapunjo yako yamekwama tuma laki tatu tuyafungue. Mama mmoja jirani yangu alituma. Mfuko haudai hela kukulipa hela yako mwalimu, ukisikia hivyo kata simu.

Kalamu ya Utumishi (Mwanga, Kigoma)

Salaam mwalimu. Mimi nilikuwa afisa utumishi kwenye halmashauri miaka mingi, sasa na mimi niko nyumbani hapa Mwanga nafuga kuku. Ngoja nikupigie hesabu kwa takwimu zako mwenyewe maana wengi wanabishana bila namba.

Kwanza kundi lako. Wewe uliyeajiriwa 1993 na ulikuwa PSPF ulikuwa kwenye wale waliokuwa wanapata mkupuo wa 50. Bajeti ya Juni 2024 ilisema hao waliokuwa 50 wakashushwa 33, sasa wapandishwe mpaka 40. Wale waliokuwa kundi la 25 ambao nao waliwekwa 33, wao wakapelekwa 35. Kwa hiyo wewe ni 40, usisikilize anayekwambia 33 wala 35.

Pili mshahara wa kuanzia, na hapa ndipo majibu yako yanapotofautiana. Zamani PSPF walikuwa wanachukua mshahara wa mwisho. Sasa hivi wanachukua wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hiyo 1,200,000 yako haihesabiki yote ukitoka sasa.

Ukitoka Juni 2026 miaka yako mitatu bora ni miwili ya 975,000 na mmoja wa 1,200,000. Jumlisha gawa kwa tatu unapata 1,050,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 12,600,000. Miezi yako ya utumishi toka Julai 1993 ni 396. Chukua 396 gawa kwa 580, ndiyo namba ya kanuni ya sasa, zidisha kwa 12,600,000, inakuja kama 8,602,000 na kitu. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka kabla haijagawanywa. Mkupuo ni hiyo mara 12.5, nayo ni namba ya kanuni, mara asilimia 40, unapata kama milioni 43. Inayobaki asilimia 60 igawe kwa 12, pensheni ya kila mwezi ni kama 430,000.

Sasa subiri mpaka Juni 2028. Miezi inakuwa 420. Na miaka mitatu bora yote, kuanzia Julai 2025 mpaka Juni 2028, ni ya 1,200,000, hata kama hawakuongezi senti tano tena. Kwa mwaka ni 14,400,000. Piga 420 gawa 580 mara hiyo, inakuja 10,427,000 na kitu. Mkupuo unakuwa milioni 52 na ushee, na kila mwezi 521,000.

Yaani miaka miwili tu inakuongezea milioni 9 kwenye mkupuo na zaidi ya 90,000 kila mwezi mpaka unaingia kaburini, na bado katikati unakula mshahara kamili na bima ya familia nzima inaendelea. Na sehemu kubwa ya hiyo tofauti haitokani na miezi, inatokana na ile nyongeza yako kuingia yote kwenye wastani. Hilo watu hawalisemi ofisini. Aliyepanda daraja juzi akatoka leo ameacha faida ya daraja lake mezani.

Na ile ya zamani uliyoisikia, ya 540 badala ya 580, 15.5 badala ya 12.5 na nusu kwa nusu, kwa wastani huo huo wa 1,050,000 ungepata milioni 71 na laki sita, ila kila mwezi 385,000. Kwa hiyo ni kweli mkupuo umepungua sana na simlaumu anayelia, lakini na mwezi umepanda kidogo, lazima tuseme vyote viwili.

Kuhusu hofu ya kubadilishwa tena, mimi nimeona mabadiliko yote toka 2014 zilipokuja zile kanuni za kuwianisha mafao. Hakuna anayeweza kukuapia. Ila angalia mwendo wake, 2018 watu walipiga kelele na Rais Magufuli tarehe 28 Desemba akasimamisha akasema itumike ya zamani mpaka 2023. 2022 wakakaa na vyama vya wafanyakazi ikatoka 33. 2024 ikapanda 40. Tokea hapo mwendo ni wa kupanda, kwa hiyo kukimbia kwa kuogopa kushuka naona ni kukimbia upande ambao moto haupo.

Kijana wa Gungu

Shikamooni wazee wangu. Mimi sio mstaafu ila baba yangu ni mwalimu na atatoka mwakani, nimesoma hizi hesabu na roho imeniuma kweli. Mzee Kalamu samahani kwa heshima zote, mnaposema mwezi umepanda kidogo mnaongea kama vile mtu wa kwetu anaishi miaka 80. Hiyo tofauti ya milioni 28 kati ya zamani na sasa, ukiigawa kwa hiyo 45,000 inayoongezeka kila mwezi inakuchukua zaidi ya miaka 50 kuirudisha. Nani wa kwetu anastaafu na 60 anafika 110?? Baba yangu toka 1991 anafundisha vijijini, kuna shule alikuwa anavuka mto kwa miguu masika yote, nyumba hajamaliza kwa sababu alikuwa anasema nitaezeka kwa kiinua mgongo. Mtu alipanga maisha yake kwa sheria iliyokuwepo siku anaajiriwa, unaibadilishaje amebakiza miaka michache? Wangeanza na sisi vijana tunaoajiriwa leo tungejipanga, wazee wangeachiwa ya kwao.

Na hao wa 2018 waliunganisha mifuko wakasema itakuwa na nguvu. Hela ilienda wapi?

Kalamu ya Utumishi (Mwanga, Kigoma)

Kijana wangu marahaba, na hesabu yako ya miaka 50 ni sahihi, sikupingi na wala sitakupinga. Hilo la kulinda waliokaribia kustaafu hata mimi niliandika kwenye maoni enzi hizo, naliamini mpaka leo.

Ila ulichouliza hela ilienda wapi nikujibu ninachokijua. Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu hakuwa anachangia kitu, pensheni ilikuwa inalipwa na Hazina moja kwa moja. PSPF ilipoanzishwa kwa sheria ya 1999 ikabebeshwa kulipa watu ambao miaka yao mingi hawakuwahi kukatwa, na serikali ikasema itarudisha hiyo sehemu. Miaka ikaenda deni linakua. Mwalimu hapa juu mwenyewe ana miaka sita ya 1993 mpaka 1999 ambayo hakuna mchango ulioingia kwenye mfuko lakini lazima ilipwe na ni haki yake. Mifuko ilipounganishwa PSSSF ikarithi lile shimo, ndio maana baadae serikali ikatoa hatifungani maalum ya zaidi ya trilioni 2 kuanza kulipunguza. Hapo ndipo ilipotoka 12.5 na 580, walitaka mfuko usikauke.

Sasa swali lako la haki linabaki pale pale, kwa nini shimo ambalo mwalimu hakulichimba yeye ndiye alijaze kwa mkupuo wake. Hilo nakuunga mkono. Mwambie baba aezeke sehemu ndogo ahamie, asisubiri nyumba nzima.

Mama Nesi wa Ujiji

Jamani naona wanaume mmekaa kwenye kikokotoo tu na swali la pili la mwalimu mmeliruka, na mwenyewe kasema ndilo linalomuuma zaidi. Mwalimu mdogo wangu pole na mgonjwa. Mimi nilikuwa nesi, nimestaafu 2021, niko Ujiji. Nakujibu kwa niliyopitia na kwa kazi niliyofanya miaka 30 na kitu.

Kadi yako haifi. Tokea sheria ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ya 1999 ilipoanza kazi 2001 umekuwa unakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3, kwa mshahara wako wa sasa ni 36,000 yako na 36,000 yake kila mwezi. Ukistaafu ukiwa mwanachama unaendelea kutibiwa wewe na mwenza wako bila kukatwa tena. Mke wako anabaki. Mtoto ndiye anayetoka. Kwa hiyo huyo wa chuo ulizia bima ya wanafunzi pale chuoni kwao, wa kwangu nilimlipia 50,400 kwa mwaka na ilimsaidia alipougua homa ya ini mwaka wa pili.

Lakini sikiliza, kadi kutokufa sio kwamba inajigeuza yenyewe. Mimi nilidhani hivyo. Nilistaafu nikatulia, nikajua mimi ni mtu wa hospitali nani atanizungusha. Mwezi wa tatu mume wangu presha ikapanda usiku tukakimbia naye, dirishani wananiambia mama hii kadi inasoma imesitishwa, mwajiri ameacha kuchangia. Ilikuwa bado inanisoma kama mtumishi aliyekatwa mchango, sio mstaafu, kwa sababu barua yangu ya kustaafu ilikuwa imekaa kwenye ofisi moja kwenye trei, hakuna aliyeipeleka bima na mimi sikufuatilia. Tulilipa taslimu siku sita. Nilitoa kwenye mkupuo wangu, hela ambayo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mtumbwi wa kijana wangu pale Kibirizi. Ule mtumbwi haujanunuliwa mpaka leo.

Kwa hiyo wewe siku unayopokea barua ya kustaafu nenda nayo mwenyewe kwa miguu yako ofisi ya bima ya mkoa, na nakala, na picha zenu wewe na mama, na cheti cha ndoa. Usimpe mtu akupelekee. Na leo hii, sio 2028, leo, angalia jina la mke wako kwenye kadi, kwenye NIDA na kwenye cheti cha ndoa kama yanafanana herufi kwa herufi. Nimeona wajane na wake za watu wanarudishwa kwa sababu ya herufi moja.

Kuhusu dawa za sukari, zipo ndani ya bima, ila kuna siku dirisha la dawa litakwambia imeisha. Usikubali kwenda kununua mfukoni, omba fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na bima, ni haki yako na ipo. Wazee wengi wa hapa Ujiji hawaijui, wananunua insulini kwa hela ya pensheni na kadi iko mfukoni. Insulini haingoji mwezi uishe, na mgonjwa wa sukari akiruka dozi ndo tunampokea na kidonda cha mguu. Mimi nimefunga vidonda vya miguu miaka mingi, vingi vilianzia hapo hapo kwenye dawa kukosekana wiki mbili.

Na hilo la Bima ya Afya kwa Wote, sheria ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Lengo lake ni kila mtu awe na bima, yule asiye na uwezo agharamiwe. Haijaandikwa ili kumvua mstaafu kadi aliyoichangia miaka ishirini na zaidi. Ila kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo bima inalipia, kinaweza kubadilika, kilibadilika tarehe 1 Machi 2024 na hospitali nyingi binafsi zikasimama kupokea kadi za bima siku zile, tuliona wagonjwa wanahamishwa. Ndio maana ushauri wangu kwa mgonjwa wa muda mrefu, faili lake kuu liwe hospitali ya serikali, kwako Kitete, kwetu Maweni. Binafsi pita ukiwa na sababu.

Mzee wa Cheyo

Mama Nesi umenena. Na mimi ya kwangu ilinisumbua hivyo hivyo ila ilikuwa wiki mbili tu. Naongeza hapo kwenye uhakiki, pensheni ya mwezi wanaihakiki kila mwaka kwamba bado uko hai, siku hizi unaweza kujipiga picha kwenye simu janja kwa ile programu ya PSSSF Kiganjani, sina hiyo simu nilienda ofisini kwao wakanihudumia vizuri tu. Ukipitisha muda pensheni inasimama.

Mwalimu wa Ipuli

Wakubwa nimerudi, ilibidi ninyamaze wiki moja nifuatilie. Nimesoma kila neno, namba za mzee Kalamu nimemsomea mke wangu usiku akasema kwa hiyo tusubiri, akalala. Mimi ndo sikulala.

Nilienda ofisi ya mfuko nikaomba taarifa ya michango yangu. Sasa kilichotokea, kuna miezi saba ya 2004 haionekani. Ni pale pale nilipohama, halmashauri niliyotoka ilinifuta kwenye orodha yao Machi na huku nikaingia Novemba, mshahara nilikuja kulipwa baadae kama malimbikizo lakini mchango haupo. Yule binti wa mfuko alinisaidia sana kanionyesha mstari kwa mstari. Ameniambia nilete slipi za miezi ile au barua ya uhamisho. Barua ninayo, slipi za 2004 natoa wapi jamani, panya wa nyumba ya shule walizimaliza zamani.

Na kwenye jina ni kama mama alivyosema. Cheti cha ndoa kina jina la baba yake mke wangu limeandikwa kwa H mwishoni, NIDA haina H, kadi ya bima imefuata NIDA.

Kalamu ya Utumishi (Mwanga, Kigoma)

Mwalimu hongera kwa kwenda mapema, wengi hiyo miezi wanaigundua wiki ya kustaafu na hapo ndipo siku 60 zinageuka mwaka.

Miezi saba kwa hesabu yako ya 2028 ni 7 gawa 580 mara 14,400,000, karibu 174,000 kwa mwaka. Kwenye mkupuo ni kama 869,000 na kwenye mwezi ni 8,700 hivi. Sio ya kuiacha. Slipi sio ushahidi pekee. Fanya hivi, andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri uliyotoka uombe nakala ya orodha ya malipo ya mshahara ya miezi ile na ya malimbikizo uliyolipwa, zile zinatunzwa masjala na kwa mhasibu. Ambatanisha barua ya uhamisho na hati ya mshahara ya mwisho uliyopewa ukiondoka kule, ile ambayo kila anayehama huwa anapewa ampelekee mwajiri mpya, ikiwa huna nakala yake iko kwenye faili lako hapo Tabora, mwombe afisa utumishi akufungulie faili. Kama benki yako ni ile ile ya mwaka 2004 waombe taarifa ya akaunti inayoonyesha malimbikizo yameingia. Barua zote pitisha kwa mwalimu mkuu, weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa, usikubali kuacha barua bila mhuri.

Ukiwa na hilo faili kagua na hivi vingine, barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya kupanda daraja la mwisho. Hiyo ya kuthibitishwa ndiyo inayopotea sana kwa walimu wa miaka ya tisini. Tarehe ya kuzaliwa iwe moja kila mahali.

Mama Nesi wa Ujiji

Hiyo H isikutishe. Nendeni wote wawili kwa wakili mkaape hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, halafu ipelekeni bima na mfuko wote, kwa sababu hata mafao ya mirathi huko mbele watamdai yeye jina hilo hilo. Na nimesahau kuuliza mdogo wangu, macho ya mama amepimwa lini? Mwaka wa tisa wa sukari macho na figo lazima vipimwe kila mwaka, na sasa hivi kadi iko hai kabisa, itumieni.

Mwalimu wa Ipuli

Macho hajapimwa toka 2022, sikujua kama ni kila mwaka. Alhamisi ana kliniki nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu niende naye nimwambie daktari.

Barua ya kule nilikotoka nimeiandika leo, nitaipeleka mwenyewe Jumatatu kwa basi la asubuhi. Kwa wakili tunaenda Ijumaa. Barua ya kuthibitishwa kazini nimeipata, ilikuwa ndani ya Biblia ya marehemu mama huko Kasulu, mdogo wangu kanipigia picha kanitumia, ya Agosti 1994.

Barua ya kustaafu kwa hiari niliyokuwa nimeshaianza nimeichana.